Namna ya Kulinganisha Mafundisho ya Dini Kuhusu Mwanamke na Hali Anayoishi Katika Jamii

Anayetaka kulinganisha yale ambayo dini inafundisha kuhusu mwanamke na yale anayotendewa kila siku huanza, mara nyingi, akiwa na jibu tayari. Muumini hutaka kuthibitisha kwamba dini yake ilimpa mwanamke heshima yote na kwamba kila dhuluma imetokana na mila. Asiyeamini, au mwenye dini nyingine, hutaka kuthibitisha kwamba dhuluma yote imo kitabuni. Wote wawili hupata ushahidi wanaoutafuta, kwa kuwa maandiko ni mapana na jamii ni pana zaidi, na mwanamke mwenyewe hubaki pale pale alipokuwa. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu anayetaka kuifanya kazi hii kwa uaminifu, awe mwanafunzi anayeandika insha, mwalimu wa dini, kiongozi wa kikundi cha wanawake, au mtu yeyote ambaye swali hili limemnyima raha.

Anza na haki moja

"Mwanamke katika dini" ni mada isiyoshikika. Chagua jambo moja tu: kurithi, kuridhia ndoa, kumiliki mali, kusoma, kusema mbele ya waumini, kudai talaka, au kulindwa dhidi ya kipigo. Ukishalichagua, lifuate tangu linapotamkwa katika andiko hadi linapofika, au lisipofika, mkononi mwa mwanamke. Njiani litapita kwa mfasiri, kwa mhubiri, kwa baraza la wazee, kwa hakimu na kwa ndugu zake wa kiume, na katika kila kituo unapaswa kuuliza limeongezwa nini na limepunguzwa nini. Kazi yote ya ulinganishi imo katika safari hiyo.

Tenga vitu vinne ambavyo vyote huitwa dini

Katika mazungumzo ya kawaida watu husema "dini inakataza" wakiwa na maana nne tofauti. Ya kwanza ni andiko lenyewe. Ya pili ni ufafanuzi wa wanazuoni, yaani tafsiri, fiqhi (elimu ya sheria ya Kiislamu), katekisimu (kitabu cha mafundisho ya kanisa) na maamuzi ya mabaraza, ambao uliandikwa na watu wa zama fulani, na karibu wote walikuwa wanaume. Ya tatu ni mila ambayo jamii ilikuwa nayo kabla ya dini kuingia, au iliyoizua baadaye na kuivisha kanzu ya dini. Ya nne ni sheria ya nchi, ambayo huweza kudai kuwa inatekeleza dini ilhali inatekeleza matakwa ya watawala.

Mfano wa Mariamu Magdalene unaonyesha jinsi ya pili inavyoweza kuifunika ya kwanza. Injili ya Luka inasimulia, katika sura ya saba, habari za mwanamke mwenye dhambi ambaye hatajwi jina, kisha katika sura ya nane inamtaja Mariamu Magdalene miongoni mwa wanawake waliomfuata Yesu na kumhudumia yeye na wanafunzi wake kwa mali zao. Katika mahubiri ya mwaka 591 Papa Gregori wa Kwanza aliwaunganisha wanawake hao wakawa mtu mmoja, na kwa karne nyingi baadaye mwanamke ambaye Injili ya Yohana inasema ndiye wa kwanza kumwona Yesu aliyefufuka akawa anachorwa na kuhubiriwa kama kahaba aliyetubu. Mtu anayesoma picha hizo kana kwamba ni andiko atasema Injili ilimdhalilisha, na atakuwa amekosea kituo.

Kwa sheria ya nchi, chukua mifano miwili. Wanawake wa Saudia walizuiwa kwa miongo mingi kuendesha gari, na waliotetea katazo hilo walilieleza kwa lugha ya dini; lilipoondolewa Juni 2018 hapakuwa na aya iliyoongezwa wala iliyofutwa, na katika nchi nyingi nyingine za Waislamu wanawake walikuwa wakiendesha miaka yote hiyo. Nchini Uingereza, mpaka ilipopitishwa Sheria ya Mali ya Wanawake Walioolewa ya mwaka 1882, sehemu kubwa ya mali ya mke ilihesabiwa kuwa ya mumewe, kwa hoja kwamba mume na mke ni mtu mmoja mbele ya sheria. Wakristo waliishi chini ya kanuni hiyo kizazi baada ya kizazi huku wakiisoma sura ya 31 ya Mithali, inayomsifu mwanamke anayeliangalia shamba, akalinunua, na kupanda mizabibu kwa mapato ya mikono yake.

Soma andiko zima, pamoja na pale panapouma

Hapa ndipo penye kazi kubwa kuliko zote, na ndipo wengi wanapofanya haraka. Nimewahi kusikiliza mahubiri ya harusi ambayo mhubiri alifungua Waefeso sura ya tano, akaanza kusoma mstari wa 22, unaowataka wake wawatii waume zao, akasoma mpaka wa 24, kisha akakifunga kitabu na kuendelea kwa maneno yake mwenyewe. Mstari wa 21, unaowataka waumini wote wanyenyekeane, aliuacha nyuma. Mstari wa 25, unaomtaka mume ampende mkewe kama Kristo alivyolipenda kanisa akajitoa kwa ajili yake, hakuufikia. Bibi harusi alikuwa ameinamisha kichwa, na waliohudhuria waliitikia amina. Hakuna neno hata moja la uongo lililosomwa pale, na bado fundisho lililomfikia yule binti halikuwa fundisho la ukurasa ule. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya usomaji ni kuanza mistari kumi kabla na kumaliza mistari kumi baada, na kuandika ni wapi wahubiri wa mahali unapopachunguza huwa wanaanza na wapi wanaishia, kwa sababu mipaka hiyo ya usomaji ni ushahidi tosha wa jinsi fundisho linavyotumiwa.

Kanuni ya pili ni kuweka pamoja maandiko yanayovutana badala ya kuchagua lile linalokupendeza. Waraka wa kwanza wa Paulo kwa Wakorintho, katika sura ya 11, unazungumzia mwanamke anayesali au kutoa unabii mbele ya watu, na jambo linalojadiliwa ni kufunika kichwa; sura ya 14 ya waraka huohuo inawataka wanawake wanyamaze katika kanisa. Waraka wa kwanza kwa Timotheo haumruhusu mwanamke kufundisha, ilhali Matendo ya Mitume inamwonyesha Prisila, pamoja na mumewe Akila, akimweleza Apolo njia ya Mungu kwa usahihi zaidi, na Warumi 16 inamtaja Fibi kuwa mhudumu wa kanisa la Kenkrea. Swali lenye faida kwako ni hili: kati ya maandiko haya, ni lipi linalonukuliwa kila wakati mwanamke anapotaka kusimama mimbarini, na ni lipi ambalo waumini wengi hawajawahi kulisikia likisomwa?

Kanuni ya tatu ndiyo ngumu. Usiruke andiko linalokuuma, wala usiharakishe kulitetea. Qurani, katika sura ya nne aya ya 11, inampa mtoto wa kiume fungu sawa na la watoto wa kike wawili. Mgao huo si uzushi wa mila, umeandikwa. Papo hapo aya ya 34 ya sura hiyo inaihusisha nafasi ya mwanamume na mali anayoitoa kwa matumizi, na wanazuoni wameueleza ule mgao kwa msingi huo: anayechukua zaidi ana wajibu wa kulisha zaidi. Mlinganishaji hana haja ya kuukubali wala kuukataa ufafanuzi huo. Anachopaswa kufanya ni kuupeleka katika jamii na kuuliza kama kaka aliyechukua mafungu mawili anamtunza dada yake aliyeachika na watoto wake. Ikiwa fungu limechukuliwa na wajibu umeachwa, basi jamii imetekeleza nusu ya fundisho, na ni nusu ile yenye faida kwa mwenye nguvu.

Aya hiyohiyo ya 34 ina neno ambalo wafasiri wengi wa zamani wamelielewa kuwa ni ruhusa ya kumpiga mke mkaidi, wakalizungushia masharti ya kutomjeruhi. Baadhi ya wafasiri wa zama hizi wamelipa maana nyingine. Na imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha, mkewe Mtume, kwamba Mtume hakupata kumpiga mwanamke kwa mkono wake. Ukiandika moja kati ya hayo matatu ukaacha mawili, umeandika utetezi au shutuma, na ulinganishi bado haujaanza.

Uaminifu huohuo unatakiwa kwa dini nyingine. Katika Hesabu 27 mabinti watano wa Selofehadi, ambaye hakuacha mtoto wa kiume, walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani na wakuu wote, wakadai urithi wa baba yao, nao wakapewa. Wengi huishia hapo kwa furaha. Lakini sura ya 36 inaeleza kwamba wazee wa ukoo walirudi na hofu ya ardhi kuhamia kabila lingine, na mabinti hao wakatakiwa waolewe ndani ya kabila la baba yao. Haki ilitolewa, kisha ikawekewa mpaka, na yote mawili ni andiko. Katika mapokeo ya Kibudha, Mahapajapati Gotami, mama mlezi wa Buddha, aliomba wanawake wapokewe utawani, akakataliwa mara tatu kabla ya kukubaliwa; mapokeo hayo yanasema wanawake wanaweza kufikia daraja la juu kabisa la ukombozi, na yanasema pia kwamba mtawa wa kike wa miaka mia moja atamsujudia mtawa wa kiume aliyepokewa siku hiyo. Andika yote mawili, kwa uzito uleule.

Itazame jamii kwa karibu

Sasa ondoka kitabuni. Kosa la kawaida hapa ni kumuuliza kiongozi wa dini jinsi wanawake wanavyotendewa. Atakueleza jinsi wanavyopaswa kutendewa, na atakueleza kwa nia njema kabisa.

Nilihudhuria kikao kimoja cha mirathi kilichofunguliwa kwa dua. Aya zilisomwa kwa sauti nzuri, mafungu yakahesabiwa moja baada ya jingine, na mabinti wawili wa marehemu walitajiwa hisa zao mbele ya watu wote, kama Qurani inavyosema katika sura ya nne aya ya saba kwamba wanawake wana fungu katika waliyoyaacha wazazi, iwe kidogo au kingi. Kisha mmoja wa ami zao akasema, kwa upole, kwamba hawa wameshaolewa na wana kwao, na kwamba nyumba ya marehemu isigawanywe ikaleta fitina. Karatasi iliyokuwa imekwisha andikwa ikageuzwa upande wao. Mkubwa alitia sahihi bila kuisoma. Mdogo aliishika kalamu kwa muda, akamtazama mama yake, mama akatazama chini, naye akatia sahihi. Haki ilitamkwa asubuhi, na kabla ya adhuhuri ilikuwa imerudishwa. Mtu aliyeuliza tu kama familia ile ilifuata sheria ya dini angejibiwa kuwa ndiyo, na kwenye karatasi asingeona kasoro.

Kwa sababu hiyo, usimuulize mwanamke kama dini yake inampa haki. Atasema inampa, kwa kuwa anaipenda dini yake na hataki kuitia aibu mbele ya mgeni, na ana haki ya kufanya hivyo. Muulize: "Baba yako alipofariki ulipata nini, na hicho ulichopata kiko wapi sasa?" Usimuulize kama aliridhia ndoa, muulize ni nani aliyemuuliza, ni nani mwingine aliyekuwepo, na ingekuwaje kama angesema hapana. Ongea naye pasipo mume, kaka wala kiongozi wa ibada, na mhakikishie kwamba jina lake halitaandikwa.

Ongeza vyanzo visivyoona haya. Majalada ya mirathi na talaka mahakamani yanaonyesha nani analeta shauri na nani anaondoka na nini. Ukiweza, kaa katika mikutano ya waumini na uandike nani anazungumza, kwa muda gani, na kuhusu nini. Kwa ngazi ya nchi, upo Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Kutokomeza Aina Zote za Ubaguzi Dhidi ya Wanawake, uliopitishwa mwaka 1979 na kuanza kutumika mwaka 1981. Nchi kadhaa ziliuridhia huku zikiandika kwamba hazitafungwa na vifungu fulani kwa sababu ya dini, hasa kifungu cha 16 kinachohusu ndoa na familia. Matamko hayo ni hazina kwa mlinganishaji, kwa kuwa hapo serikali yenyewe imeandika kwa maneno yake mahali inapoona dini na usawa vimegongana.

Haki ya kuridhia ndoa, kwa mfano

Nitalifuata jambo hili moja ili njia ionekane. Katika mapokeo ya Kiislamu, Bukhari, mkusanyaji wa hadithi, amesimulia habari za Khansa binti Khidam, aliyeozwa na baba yake pasipo kupenda. Alikwenda kwa Mtume, na ndoa ile ikabatilishwa. Katika Kanisa Katoliki, kanuni ya 1103 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inasema ndoa iliyofungwa kwa nguvu au kwa hofu kubwa itokayo nje si halali. Katika kituo cha hadithi hiyo na cha kanuni hiyo, basi, mapokeo yote mawili yanakubaliana: bila ridhaa hakuna ndoa, ingawa wanazuoni kadhaa wa fiqhi walimruhusu baba kumwoza binti bikira bila ridhaa yake.

Endelea kituo kinachofuata. Zipo hadithi zinazosema kwamba ridhaa ya bikira ni kunyamaza kwake, kwa kuwa huona haya kutamka. Hadithi hizo zililenga kumrahisishia binti mwenye haya, tena baada ya kuulizwa. Lakini fuatilia kimya hicho katika jamii, utaona kimezaa kingine: binti asiyeulizwa kabisa, au anayeulizwa wakati wageni wameshaketi, husemwa ameridhia kwa kuwa hakupiga kelele. Kimya cha haya kimegeuzwa kuwa kimya cha woga, na jina limebaki lilelile. Kwa upande wa kanisa, mchungaji au padri humuuliza bibi harusi mbele ya madhabahu kama amekuja kwa hiari yake, na jibu lililokaririwa mazoezini hutolewa mbele ya jamaa wote ambao tayari wamekwisha kupokea mahari. Umbali kati ya Khansa na binti huyo, au kati ya kanuni ya 1103 na jibu lile, ndio unaotakiwa kuupima na kuuandika.

Kabla ya kusema "hii ni mila tu"

Kauli hii ni kweli mara nyingi na ni kificho mara nyingine, kwa hiyo ihakiki. Angalia kama waumini wa dini hiyohiyo mahali pengine hawalifanyi jambo hilo, na kama watu wa dini nyingine mahali hapohapo wanalifanya. Ukeketaji umekuwa ukifanywa na Waislamu, Wakristo na wafuasi wa dini za jadi katika maeneo yanayopakana, na ulikuwepo kabla ya Ukristo na Uislamu. Qurani na Biblia haziutaji, na mwaka 2007 wanazuoni wa Al-Azhar mjini Cairo walitangaza kwamba hauna msingi katika sheria ya Kiislamu. Hapo neno mila limestahili. Hata hivyo, usisahau kuandika kwamba wako viongozi wa dini walioubariki, kwa kuwa msichana aliyeambiwa kuwa hatakuwa safi mbele ya Mungu hakutendewa na mila peke yake.

Kumbuka pia kwamba andiko hutumiwa kumtetea mwanamke dhidi ya waumini wenzake. Ram Mohan Roy, mwanamageuzi wa karne ya 19, alipopinga desturi ya kumchoma mjane pamoja na maiti ya mumewe nchini India, aliandika akitumia vitabu vitakatifu vya Kihindu kuonyesha kwamba havikuilazimisha. Katazo la kisheria lilitolewa Bengal mwaka 1829. Tafuta watu wa aina hii katika dini unayoichunguza, na uchunguze walijibiwa nini.

Mizani iwe moja, na historia isikudanganye

Linganisha andiko na andiko, tendo na tendo. Ni dhuluma kuchukua aya nzuri kuliko zote za dini yako ukaiweka mbele ya tendo baya kuliko yote la dini ya jirani.

Kuhusu historia, jihadhari na usemi kwamba kabla ya dini fulani mwanamke hakuwa kitu. Qurani inalaani vikali kuzikwa kwa mtoto wa kike akiwa hai, na hilo ni badiliko kubwa. Lakini Bibi Khadija alikuwa mfanyabiashara mwenye mali na watumishi kabla ya wahyi kuteremka, na ndiye aliyemwajiri Muhammad aliyekuwa kijana. Zama za kabla hazikuwa na rangi moja. Swali lenye manufaa ni andiko lilikuta nini, likakisogeza kuelekea wapi, na vizazi vilivyofuata viliendelea upande huohuo au vilirudi nyuma.

Unapoandika

Epuka sentensi ambazo mtendaji wake ni dini nzima. "Ukristo unamkandamiza mwanamke" na "Uislamu umemkomboa mwanamke" hazipimiki. Andika nani alisema, akitegemea andiko gani, wakati gani, na mwanamke gani aliguswa kwa namna gani. Palipo na wanazuoni wawili wanaopingana, wataje wote, na uongeze ni yupi kati yao anayesikilizwa pale penye maamuzi.

Kisha, kabla ya kuitoa kazi yako, mpe mwanamke wa dini hiyo aisome, na ikiwezekana wawili: mmoja anayeitetea dini yake kwa moyo wote na mmoja aliyeumizwa ndani yake. Wa kwanza atakuonyesha ulipopotosha fundisho, na wa pili atakuonyesha ulipopunguza ukali wa kinachotendeka. Masahihisho yao yakigongana, usiyapatanishe kwa sentensi laini. Yaweke yote mawili. Na kama mmoja wao atakuambia kwamba ndivyo ilivyo kweli, ila afadhali sehemu fulani isionekane imetoka kwake, iache sehemu hiyo kama ilivyo, uondoe kila alama inayoweza kumtambulisha, kisha umsomee tena kabla haijatoka.